Fundi wa Matondoni naye ni mfanyakazi

Katika miaka hii ambayo bei ya unga hupanda usiku na mshahara ukabaki pale pale, limezuka neno jipya vinywani mwa wakubwa wa ofisi na wasomi wa vyuo vikuu. Neno lenyewe ni ustawi wa wafanyakazi. Mikutano inaitishwa, hojaji zinachapishwa, na watu wanaulizwa kama wanalala vizuri, kama wakubwa wao wanawathamini, na kama huamka asubuhi wakiwa na hamu ya kwenda kazini. Ni jambo jema, nami silipingi. Mtu anayetaabika kazini huirudisha taabu hiyo nyumbani kwake, na taifa la watu waliochoka roho halina mwendo.

Hata hivyo nina swali, nalo naliuliza kutoka hapa Matondoni, kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, ambako majahazi na mashua zimekuwa zikiundwa na kutengenezwa tangu enzi za mababu. Je, huyo mfanyakazi anayechunguzwa ni nani? Hojaji nilizopata kuziona humtaka mhojiwa aandike jina la mwajiri, cheo chake, mshahara wa mwezi na siku za likizo. Fundi wa jahazi hana hata kimoja kati ya hivyo. Mwajiri wake ni nahodha aliyekuja juzi na chombo kinachovuja. Cheo chake ni tezo iliyo mkononi. Mshahara wake ni mapatano, tena hulipwa kwa mafungu, na fungu la mwisho aghalabu hungoja mwenye chombo auze samaki kwanza.

Nilikuwapo siku moja kijana mmoja mtafiti, mwenye adabu zake, alipomkalia fundi mzee chini ya kivuli cha chombo kilichopandishwa pwani. Akamuuliza, "Ami, mshahara wako wa mwezi ni kiasi gani?" Mzee akamjibu, "Mwezi upi, mwanangu? Wa kusi au wa kaskazi?" Kijana akatabasamu, akaandika sifuri. Sina neno na kijana yule, kwa maana karatasi aliyopewa haikuwa na mahali pa kuandika pepo. Lakini ile sifuri ilikwenda zake mjini, ikaingizwa katika kompyuta, na mtu aliyekuwa akikalafati chombo mbele ya macho yetu akahesabiwa kuwa hana kipato.

Wako watakaosema kwamba mafundi wa Matondoni ni wachache, na kwamba utafiti wa taifa hauwezi kumfuata kila mtu pwani yake. Jibu langu ni kwamba fundi huyu ndiye Mkenya wa kawaida. Ripoti ya uchumi iliyotolewa na Shirika la Takwimu la Taifa mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 waliokuwa na kazi mwaka 2023, zaidi ya 80 walikuwa katika sekta isiyo rasmi, ile tuiitayo jua kali. Na hesabu hiyo haiwatii wakulima wadogo wala wafugaji. Basi mtafiti anayechunguza ustawi wa mfanyakazi wa Kenya kwa kuwauliza wenye hati za mshahara peke yao amewaacha nje wengi kuliko aliowaingiza. Katika nyakati za utulivu kosa hilo lingesameheka. Katika nyakati za msukosuko halisameheki, kwa sababu msukosuko humpiga kwanza yule asiye na mkataba.

Msukosuko wa Lamu wasomaji wengi wanaujua kwa vichwa vya habari. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, jirani zetu wa Somalia waliingia katika vita ambavyo moshi wake umekuwa ukitufikia tangu hapo. Septemba na Oktoba 2011 wanawake wawili wa Ulaya walitekwa nyara katika mwambao huu, na nchi zao zikawaonya raia wasije. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza kafyu ya usiku katika kaunti yetu. Kwa miaka kadhaa ya muongo huo wavuvi walikatazwa kuvua usiku. Februari 2018 ikaja amri ya nchi nzima ya kusimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko ikiwemo, ilhali zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu.

Sasa ufuate uzi huu pamoja nami, ewe msomaji. Mvuvi akikatazwa bahari ya usiku, samaki hupungua, na akiwa na samaki wachache haiti fundi abadilishe ubao uliooza. Huuziba kwa pamba na kuomba Mungu. Jahazi la kubeba boriti likikosa shehena huachwa pwani likapasuke kwa jua. Mwanagenzi aliyekuwa akijifunza kuchonga taruma huona hana cha kungojea, akaondoka kwenda kutafuta kibarua kwingine, na elimu ya babu yake ikakatikia hapo. Nyumbani, mke wa fundi anayesuka ukili wa mikeka na mikoba hukuta mgeni aliyekuwa akiinunua amekatiza safari. Katika mlolongo wote huo hakuna mtu aliyeachishwa kazi. Hakuna barua iliyoandikwa wala chama cha wafanyakazi kilicholalamika, na pasipo kuachishwa kazi hakuna takwimu. Kijiji kizima kinaweza kuumia namna hiyo na ripoti ya ustawi isionyeshe doa.

Isije ikadhaniwa kwamba haya ni malalamiko ya kutaka kutajwa tu. Anayehesabiwa ndiye anayeangaliwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Malipo yenyewe yalizua mvutano wa miaka mingi, lakini hukumu ile ilisimamisha jambo kubwa, kwamba kazi ya mvuvi ni mali yake na anayeivuruga ana deni. Wavuvi walipata kuzungumzwa kwa idadi na kwa shilingi kwa sababu kulikuwa na njia ya kuwahesabu. Je, fundi ambaye wateja wake ni wavuvi hao hao, na msusi wa mkeka, na mpagazi wa boriti, watahesabiwa kwa daftari gani siku yao itakapofika?

Tena mfano mwingine uko mlangoni mwetu. Tangu Oktoba 2024, bima mpya ya afya ya jamii humkata mwenye mshahara asilimia 2.75 ya mshahara wake. Yule asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake, na majibu yakakisia kipato chake na mchango anaopaswa kutoa, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Hiyo nayo ni hojaji. Imekwisha kutoka vyuoni na kuingia katika mfuko wa mtu. Swali likiulizwa vibaya, fundi hulipa kwa kosa la muulizaji.

Kuchunguza hali ya wafanyakazi wakati nchi inawaka si jambo geni hapa Kenya. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokea ripoti ya kamati juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter. Kamati ile ilikuta kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi walilipwa mishahara isiyotosha mahitaji ya lazima ya afya na heshima. Ikakuta pia kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja aishiye peke yake, kana kwamba Mwafrika hazai wala haoi. Ikapendekeza kwamba kwa muda wa miaka kumi mshahara huo upandishwe umtoshe mtu na mkewe na watoto wawili. Serikali iliyakubali mapendekezo hayo kwa sehemu.

Nina mambo mawili ya kusema juu ya ripoti ile. La kwanza ni sifa, kwamba ilithubutu kuuliza mshahara unalisha vinywa vingapi, swali ambalo hojaji nyingi za leo zimelisahau. La pili ni onyo. Mwaka ule ule wa 1954, mwezi wa Aprili, serikali ile ile iliuzingira mji wa Nairobi na kuwakamata maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi na kuwapeleka kambini. Mkono mmoja ulikuwa ukipima chakula cha mfanyakazi, na wa pili ukimtia nyuma ya seng'enge. Ndiyo maana mtu aliyewahi kuishi katika msukosuko, akiona mgeni na kalamu, hujiuliza kwanza ametumwa na nani.

Mbali na hapa, kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mtafiti ausome kabla ya kupanda boti kuja Lamu. Ulifanywa katika kijiji cha Marienthal, nchini Austria, baada ya kiwanda cha nguo kilichokilisha kijiji kizima kufungwa katika mdororo wa uchumi uliofuatia mwaka 1929. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakakichunguza kijiji kile na kuchapisha kitabu chao mwaka 1933. Waliandika kila familia ilikula nini. Waliwaomba watu waeleze saa za siku moja walizipitisha vipi. Walisimama dirishani na saa mkononi kupima mwendo wa watu barabarani, wakagundua kwamba wanaume walitembea polepole na kusimama kila mara, ilhali wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaachia nafasi, walikwenda haraka zaidi. Wakaona pia kwamba watu waliokuwa na muda tele wa kusoma waliazima vitabu vichache kuliko walipokuwa na kazi, ingawa ada ya maktaba ilikuwa imeondolewa.

Hapo ndipo ninapowajibu wale wasemao kwamba ustawi wa roho ni anasa, na kwamba mwenye njaa aulizwe juu ya unga tu. Marienthal ilionyesha kwamba kazi ikipotea, mtu hupoteza pamoja na fedha mpango wa siku yake, sababu ya kutembea upesi, na hata hamu ya vile vitu ambavyo havihitaji fedha. Mwenye macho ameyaona hayo katika baraza zetu, kwa vijana wenye nguvu ambao asubuhi na jioni kwao ni mamoja.

Jambo la Marienthal linalonigusa zaidi ni namna watafiti wale walivyoingia kijijini. Walijiwekea sharti kwamba asiwepo hata mmoja wao atakayekuwa mtazamaji tu. Kila mmoja awe na kazi yenye faida kwa wanakijiji. Wakagawa nguo, wakaleta matibabu, wakafundisha ushonaji, na humo humo wakayapata waliyoyataka kuyajua. Wahenga wetu walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Hapa kwetu watafiti wengi huja na mkono mtupu, wakaondoka nao umejaa, na ripoti zao zikasomwa katika mahoteli ya miji ya mbali na watu wasiojua tezo ni nini.

Wala mwenye mshahara asijione yuko salama katika hojaji hizi, kwa kuwa nyakati za msukosuko humvuruga na yeye. Uganda ya Idi Amin katika miaka ya 1970 ilikuwa na watumishi walioishi kwa magendo, mshahara wao ukiwa jina tu. Tanzania ya miaka ya 1980 ilikuwa na makarani na walimu waliofuga kuku na kuuza maandazi, kazi ya ofisini ikawa kama kofia ya kuvaa mbele ya watu. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mnamo Januari 2025, benki zilifunga milango, na mwenye mshahara wake humo akawa sawa na asiye nao. Kumuuliza mtu kama huyo anaridhika vipi na mkubwa wake wa kazi ni kumuuliza mtu aliye katika chombo kinachozama kama mto wa kukalia ni laini. Huku Lamu, baada ya mashambulizi ya 2014, shule tano za wadi ya Basuba zilifungwa na walimu wakaondoka. Ustawi wa mwalimu yule usingepimwa bila kupima hofu yake, na hofu haina safu katika karatasi ya idara ya utumishi.

Basi nini kifanyike? Sitaki nilaumu nisitoe shauri. Kwanza, mtafiti aipime nyumba na mwaka, aache kumpima mtu mmoja na mwezi mmoja. Aulize ni vinywa vingapi vinakula kutokana na chombo kimoja kinachoundwa, na ni siku ngapi za mwaka tezo hulala. Aulize kusi na kaskazi, maana pepo zikigeuka kazi hugeuka.

Pili, aulize kwa lugha ambayo watu huumia kwayo. Mtu wa hapa hatasema ana msongo wa mawazo wa kazini. Atasema moyo umekuwa mzito, au roho imembana, au amekata tamaa na dunia. Maneno hayo hayapatikani kwa kutafsiri karatasi ya Kiingereza usiku wa kuamkia safari. Hupatikana kwa kukaa na watu.

Tatu, majina ya watu yalindwe kama amana. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini sheria kuwapo ni kitu kimoja na fundi kuiamini ni kitu kingine. Mahali ambapo askari na mshambuliaji wote wawili wanaogopwa, jibu moja lililovuja laweza kumponza mtu. Mtafiti asiyeweza kuahidi usiri na kuutimiza, heri asije.

Nne, matokeo yarudi. Yarudi kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya wale waliohojiwa, nao wapewe nafasi ya kusema hapa mmepata na hapa mmekosea. Na tano, watunga sheria nao wazinduke. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamlinda mwenye mkataba wa kuajiriwa. Fundi wa mapatano aliyejikata mguu kwa tezo akikiunda chombo cha mtu mwingine, nani wa kumfidia? Utafiti wa kweli ungeliweka swali hilo mezani mwa bunge likiwa na idadi ya miguu iliyokatika.

Nisingependa hata hivyo msomaji afunge ukurasa huu akidhani kwamba Matondoni ni kijiji cha vilio. Hojaji za ustawi zikija huku zisiulize machungu peke yake, kwani zitakosa nusu ya habari. Siku ya kushua chombo kipya, watu hukusanyika kukivuta kwa kamba na kwa sauti moja hadi kiguse maji, na fundi aliyekianza kwa mkuku mtupu husimama akitazama kazi ya mikono yake ikielea. Ni wafanyakazi wangapi wa ofisi zenye viyoyozi wanaoiona kazi yao ikielea? Kazi ya namna hiyo ina heshima ambayo fedha peke yake haiipimi, na heshima hiyo ndiyo iliyowashikilia watu hawa katika miaka ambayo soko na siasa viliwaacha mkono. Mtafiti mwerevu angetaka kujua inatoka wapi, na itadumu mpaka lini iwapo wanagenzi wataendelea kuondoka.

Serikali ya kaunti ina daftari, vyuo vikuu vya Pwani vina wanafunzi, na mafundi wenyewe wapo, wengine umri umewapita. Kazi ya kuwaandika si ya gharama kubwa. Mtu mmoja na daftari angeianzia hapa pwani wiki hii. Ila nina ombi moja kwa atakayekuja: katika safu ya kazi, asiandike tena sifuri.